Matundu Mawili ya Verl Combs

Verl Combs alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi tuliokutana naye kila Jumamosi asubuhi nje ya duka la donati mjini Harlan Mills hata hayo machache tuliyaita uongo. Kwa miaka ishirini na saba alituambia kwamba gari lake ni la kweli. Kwa miaka ishirini na saba tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na heri niliseme hilo mapema, maana najua mtanigeukia tu mbele ya safari.

Gari lenyewe lilikuwa Rattler ya mwaka sitini na nane. Rattler za kawaida zilijaa Ohio nzima siku zile. Mimi ninayo moja, nyekundu, tangu ujana wangu. Lakini mwaka ule kampuni iliyokuwa ikiziunda, ambayo sasa imekufa na kusahauliwa, ilitoa hamsini za pekee kwa ajili ya mashindano ya robo maili. Sisi huziita Hamsini. Waling'oa kila kitu ambacho binadamu anakihitaji ndani ya gari. Hakuna redio, hakuna zulia, hakuna kiti cha nyuma. Vioo vya madirisha vyembamba. Milango ilichovywa kwenye asidi mpaka bati likawa jepesi kiasi kwamba ukiegemea kwa kiuno unaacha bonde. Betri ilihamishiwa kwenye buti, upande wa kulia, ili tairi la nyuma likandamize lami vizuri. Na hita ya kupasha joto ndani ya gari hakuna, kwa sababu hita na mabomba yake ni kilo kadhaa, na kwenye robo maili kilo kadhaa ndizo zinazomtenga anayebeba kikombe na anayekwenda nyumbani kulala.

Hamjaisikia Hamsini ikiwaka. Injini baridi haingurumi sawasawa, inachechemea, na gari zima linatikisika kama mtu anayezuia hasira. Kahawa uliyoiweka kwenye boneti inamwagika. Petroli inakuingia puani, kifua kinapigwa kwa ndani, na mtu mzima mwenye wajukuu anajikuta anacheka peke yake. Nimeoa mara mbili na sijawahi kukitamani kitu kama nilivyolitamani gari la Verl. Ndiyo maana sikuweza kuvumilia kwamba ni lake.

Alikuwa mtoto wa milima ya Kentucky, akaja Ohio ana miaka kumi na tisa kufanya kazi ya kuyeyusha chuma. Alimwoa Lorene, mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye ulimi. Hawakujaliwa mtoto. Ile Rattler aliikuta nyuma ya karakana ya muuzaji mmoja, ina theluji mpaka kwenye vioo, haijaguswa tangu ifike. Nani Ohio atanunua gari lisilo na hita? Muuzaji alikuwa tayari kumpa hata bure ili apate nafasi ya kuegesha. Verl akaenda nalo nyumbani mwezi wa tatu, na Lorene akatoka nje na aproni yake akalizunguka.

"Mume wangu," akasema, "umeninunulia friji yenye magurudumu."

Lakini alilipenda. Kila Jumapili ya kiangazi walikuwa uwanjani, na namba ya mashindano kwenye kioo aliiandika Lorene mwenyewe kwa rangi nyeupe ya viatu, tarakimu zimesimama wima kama za mwalimu. Walikula mkate na nyama ya kukaanga wamekaa juu ya tairi la akiba. Mwaka wa sabini na moja Verl aliwashinda vijana wa Michigan waliokuja na malori na mafundi wao, akapewa kikombe kidogo kama kichupa cha chumvi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake kubwa, na watu wawili tu ndio walioipigia makofi: Lorene na muuza soda.

Mwaka wa sabini na saba figo za Lorene zikagoma. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa Dayton, maili arobaini, mara tatu kwa wiki. Januari iliyofuata ikaja ile theluji kubwa ambayo kila mtu wa Ohio anajua alikuwa wapi ilipoanguka. Pikapu ya Verl ikapasuka injini kwa baridi. Kilichobaki ni friji yenye magurudumu.

Safari ya kwanza Lorene alikwenda amejifunika mablanketi matatu. Alipofika hakuweza kuvua viatu vyake mwenyewe. Nesi alimwangalia miguu, akamwuliza Verl kama alimleta kwa gari au alimburuta. Kesho yake asubuhi Verl alichukua tindo na nyundo, akafungua boneti, akalitoboa lile bati linalotenga injini na abiria. Matundu mawili, ya kupitisha mabomba ya hita. La kwanza lilitoka kama limeng'atwa na mbwa, la pili lilikuwa baya zaidi. Akaenda kwenye makaburi ya magari, akang'oa hita ya gari la kusambaza mikate, akaifunga.

Kwa watu wa kawaida hiyo ni akili. Kwa watu wa aina yetu ni kama kumpiga mama yako. Hamsini haitobolewi. Na hilo lilikuwa nusu ya kosa, kwani barabara zetu wakati wa theluji humwagwa chumvi, na chumvi hula chuma. Mtu wa aina yetu huliingiza gari lake bandani mwezi wa kumi na moja na halitoi mpaka mvua za masika zioshe lami. Verl aliiendesha Hamsini kwenye chumvi majira manne ya baridi, Lorene kando yake, soksi zake za zambarau zimebanwa kwenye mdomo wa hita ya mkate. Alikufa mwezi wa nne mwaka wa themanini na moja. Verl alishinda siku mbili mvunguni mwa gari na mpira wa maji, anaosha chumvi, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie ndani ale.

Ndipo akaanza kuja Jumamosi. Naikumbuka ya kwanza. Tulikuwa kumi hivi, magari yamepangwa, maboneti yote wazi, donati na kahawa mkononi. Verl akaegesha, akafungua. Junior Pelfrey, muuza matairi, akainama, akainuka na uso wa sherehe.

"Jamani, njooni muone! Mzee ana Hamsini yenye hita!"

"Niliweka mimi," Verl akasema. "Mke wangu alikuwa mgonjwa."

"Aa, uliweka wewe. Na mimi nyumbani nina farasi mwenye pembe, niliziweka mwenyewe."

"Kweli niliweka."

"Verl, baba, Hamsini haina tundu. Mtoto wa darasa la pili anajua. Hiyo ni Rattler ya kwenda kanisani, umeivua zulia."

"Miguu haijapoa, Verl?" nikasema mimi. Wakacheka sana, nikaona tamu, na tangu hapo ikawa salamu yake. Kila Jumamosi. Verl Hita. Miguu haijapoa? Alikuwa anajibu kwa kuinua kikombe chake cha kahawa, kisha anakunywa. Karatasi za kiwandani, ambazo wakati ule zilifichwa chini ya springi za kiti, zilikuwa zimeliwa na panya hata kabla hajalinunua. Namba ya gari haikusaidia, kwani kampuni ilizipa Hamsini namba za mfululizo mmoja na ndugu zao wa kwenda kanisani, zile Rattler za kawaida. Alikuwa na neno lake tu, na neno la Verl tulikuwa tumeshalipangia bei.

Kipo chama cha wenye Hamsini, na chama kina kitabu. Magari arobaini na manne yameandikwa humo, yamekaguliwa, kila moja limepigiliwa kibao kidogo cha shaba kwenye dashibodi. Sita hayajulikani yaliko. Verl alitaka la kwake liwe la arobaini na tano. Hakutaka kuliuza, hakuwa na wa kumrithisha. Alitaka tu kabla hajafa iandikwe mahali kwamba yeye si mwongo. Aliniambia hivyo mwezi wa nne wa mwaka elfu mbili na nane, amesimama mlangoni mwa karakana yangu, kofia mkononi, ana miaka sabini na nne.

"Chama kinakuja kwenye uwanja wetu mwezi wa saba, Hoss. Yule mkaguzi wao, Wendell Oakes, anakuja mwenyewe."

"Nimesikia."

"Nataka gari lirudi kama lilivyozaliwa. Hita itoke, matundu yazibwe. Hakuna anayechomelea bati jembamba kama wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Nilichomelea bodi za magari miaka thelathini, na bati jembamba namna ile si kila mkono unaliweza. Nikamwambia alete.

Akalileta Jumatatu. Tukang'oa hita pamoja. Kwenye mdomo wake kulikuwa na uzi wa sufu wa zambarau umenasa. Verl aliuchomoa, akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akaniomba nimwekee ile hita. Nikasema sawa. Kisha akaenda kununua kahawa, mimi nikavuta taa nikaiingiza chini ya boneti ili nione nitakachochomelea.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Rattler yangu nyekundu ina matundu ya hita, ya kiwandani. Nimeyaona mara elfu. Yamepigwa na mashine, mviringo safi, na kingo zake zimekunjwa kama mdomo wa sufuria. Matundu ya Verl hayakuwa na mkunjo. Kingo zilikuwa na meno. Tindo lilikuwa limeparuza ile rangi ya kijivu ya kiwandani na kuacha mikwaruzo mirefu ya kutu ya zamani, na pahali pamoja bati lilichanika kwa sababu mkono uliteleza. Mtu hatoboi bati ambalo tayari lina matundu. Na bati lisilo na matundu ni la Hamsini.

Sikuhitaji hata dakika moja kujua. Mzee alikuwa amesema kweli miaka yote. Nilisimama na ile taa, nikajisikia vibaya, kisha nikajisikia hasira, na hasira ikashinda. Fikirieni ningelazimika kusema nini Jumamosi. Ningesema: jamani, tumemtesa mgane kwa bure, na gari bora mjini si langu jekundu, ni la Verl Hita. Wengine mnaweza maneno kama hayo. Mimi yalinikwama.

Verl akarudi na vikombe viwili.

"Una uhakika unataka kuziba?" nikamwuliza. Hicho ndicho kipimo chote cha wema nilichoweza.

"Hamsini haina tundu, Hoss. Si mlisema wenyewe?"

Nikachukua grenda, mashine ya kusagia chuma. Huwezi kuchomelea kiraka kwenye kingo zenye meno, lazima uzisawazishe kwanza. Meno ya tindo yakaondoka kama cheche, na ile mikwaruzo nikaifuata mmoja mmoja. Nikakata viraka, nikachomelea kidogo kidogo nikipoza kwa kitambaa chenye maji bati lisijikunje, nikasaga, nikapaka kijivu kilekile. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Verl alipitisha kiganja mahali pale, asipate kovu. Macho yakamjaa machozi, akanishukuru, akanishika bega. Alhamisi mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita, nikampa ile hita.

Mwezi wa saba ukafika. Verl alilala uwanjani ili apate nafasi ya mbele. Alikuwa amevaa shati jeupe, na kwenye kioo aliandika namba kwa rangi ya viatu, tarakimu zinapepesuka. Mkono wa Lorene haukuwepo. Wendell Oakes alikuja na tochi, sumaku na kioo kidogo kwenye kijiti. Mtu mpole, mkavu, hakuwa na haraka. Aliangalia sahani ya betri kwenye buti, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akagonga vioo kwa ukucha. Akaufungua mlango kwa vidole viwili na kuupima uzito. Verl alikuwa anamfuata nyuma kama mtoto anayefuata mtu mwenye pipi. Sisi wa donati tulisimama pembeni, na nikaona Junior ameanza kunyamaza.

Kisha Oakes akaenda kwenye boneti. Akapitisha kidole kwenye lile bati. Akarudisha kidole. Akagonga kwa ndani, akagonga kando, akasikiliza.

"Nani amechomelea hapa?"

Verl hakujua kusema uongo. Hiyo ndiyo shida ya watu tunaowaita waongo. "Yalikuwa matundu mawili ya hita," akasema. "Nilitoboa mwenyewe sabini na nane, kwa tindo. Mke wangu alikuwa anasafishwa damu Dayton. Nimeyaziba ili gari lirudi lilivyokuwa."

Oakes akazima tochi. "Mzee wangu, mwaka huu peke yake nimekataa magari matatu, na yote yalikuwa na matundu yaliyozibwa. Ndivyo wanavyofanya. Wanachukua Rattler ya kawaida, wanaziba matundu ya hita, wanahamisha betri, wanatafuta milango myepesi. Kiraka hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta."

"Lakini mimi nilitoboa kwa tindo."

"Basi ungeniachia. Tundu la tindo halifanani na la mashine hata kidogo. Ningeliona moja tu, ningekuandika leo hii bila kukuuliza swali la pili." Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma mzee kuliko matusi yetu yote. "Hayo matundu ndiyo yalikuwa cheti chako."

Nilimwona Verl akishika ukingo wa boneti. Oakes, kwa kuwa ni mtu wa haki, akageuka akauliza kama kuna aliyeyaona kabla hayajazibwa.

"Hoss," Verl akasema. Uso wake ukawaka. "Hoss ndiye aliyechomelea. Mwambie, Hoss."

Wote wakanigeukia. Hatua kumi nyuma yangu Rattler yangu nyekundu ilikuwa imezungukwa na watu, wengine wanaipiga picha. Oakes akaniuliza kingo zilikuwaje. Kama ningesema zilikuwa na meno, swali la pili lingekuwa: basi kwa nini uliziba? Ningelijibu nini mbele ya watu wale?

"Matundu ni matundu," nikasema. "Sikuangalia."

Verl akaachia ukingo wa boneti. Hakupandisha sauti.

"Uliangalia, Hoss. Uliwasha taa."

Oakes akafunga daftari lake na kumpa pole. Kisha Junior, ambaye roho yake ilikuwa imerudi mahali pake, akapiga ukelele, "Verl Hita! Miguu haijapoa?" Uwanja ukacheka. Nami nikacheka, kwa sababu kutocheka kungeonekana.

Hakurudi tena kwenye donati. Majira ya baridi yalipoingia tukaanza kumwona barabarani, kwenye theluji, kwenye chumvi, anaendesha Hamsini kwenda dukani, kwenda kaburini kwa Lorene, kwenda mahali pasipo na shughuli yoyote. Hita hakuna. Amejifunga blanketi miguuni. Watu wakasema akili imemtoka. Majira matatu alifanya hivyo, na chumvi ikaanza kula chini ya milango. Februari ya elfu mbili na kumi na moja jirani mmoja aliona gari linaunguruma uani asubuhi nzima, akaenda, akamkuta Verl kwenye usukani, hai lakini hajitambui. Ilikuwa homa ya mapafu. Hakumaliza wiki.

Mpwa wake akaja kutoka Kentucky, kijana mwenye haraka, akaweka tangazo: Rattler ya kawaida, imegeuzwa kufanana na Hamsini, ina kutu. Mimi ndiye niliyenunua. Nani mwingine alijua kilichokuwa kinauzwa?

Nilifurahi kwa mwezi mmoja hivi. Nililiwasha bandani na kucheka peke yangu kama nilivyokuwa nikiota. Halafu nikaingia chini ya boneti na taa ileile, nikaanza kutafuta jino moja la tindo, mkwaruzo mmoja, chochote. Nilitafuta siku nyingi. Kumbukeni nilivyowaambia kuhusu ile kazi yangu nzuri. Hatimaye nikamwendea Wendell Oakes na kumwambia kila kitu: kingo, meno, mikwaruzo, na kwamba nilinyamaza kwa sababu ya roho mbaya. Nililia mbele yake, mtu mzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa karatasi nijifute.

"Bwana Hostetler," akasema, "gari lilipokuwa la mwenzako, ulisema hukuangalia. Leo ni lako, umeona."

Kitabu kina magari arobaini na manne mpaka leo. Jumamosi huwa nakwenda nalo kwenye donati, nafungua boneti, nawaambia ukweli kama ulivyo: hii ni Hamsini, Verl alitoboa mwenyewe kwa ajili ya Lorene, mimi niliziba nikijua. Nimewaambia vijana na wazee. Junior Pelfrey sasa anatembea na fimbo, lakini kicheko bado anacho.

"Miguu haijapoa, Hoss?" huniuliza.

Nami nainua kikombe changu, nakunywa.